Bibi Mwambao anajibu: Bahari imekula ufuo, tujenge ukuta?

Maswali ya wasomaji kuhusu bahari na pwani yetu hujibiwa hapa na afisa mazingira mstaafu wa wilaya, mkazi wa Pangani. Barua ndefu tumezifupisha.

SWALI: Shikamoo bibi. Kijiji chetu kiko kaskazini mwa hoteli moja hapa hapa wilayani. Bahari imekula ufuo mpaka minazi aliyopanda babu imeanguka, na sasa maji ya bamvua, zile siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, yanakaribia kisima cha msikiti. Mwenye hoteli alijenga ukuta wa mawe na kwake panaonekana pametulia. Sisi tumechangishana tujenge wetu. Wengine wanasema hela zetu zitakwenda na maji. Tufanyeje?
Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hela zikae kwa mweka hazina kwanza, wala msinunue hata jiwe moja.

Umesema mko kaskazini mwa hoteli, na hapo umenipa nusu ya jibu. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mawimbi huupiga ufuo wetu kwa mshazari na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia huurudisha kiasi, lakini sehemu kubwa ya pwani yetu ukifanya hesabu ya mwaka mzima mchanga umekwenda kaskazini. Mtu akitia mawe yanayoingia baharini, mchanga hujaa upande wa kusini, na ufuo wa kaskazini yake hukonda. Ukuta uliosimama wima sambamba na ufuo nao una vituko vyake. Wimbi likiupiga halifii pale kama linavyofia kwenye mchanga unaoteremka taratibu. Linarudi na nguvu zake, linachimba chini ya ukuta, na kwenye ncha ukuta unapoishia ndipo linapokula vibaya zaidi. Sasa mkijenga wenu, na jirani yenu wa kaskazini atajenga wake, mpaka tufike Tanga mjini.

Wazee wa Dar es Salaam wanaikumbuka hoteli ya Africana. Bahari ilimega ufuo wake mpaka ikaachwa. Leo makonda wa daladala wanaita jina lake kituoni na abiria wanashuka, wengi hawajui kwamba palikuwa na hoteli. Maji hayakufanya kazi ile peke yake. Vijito vinavyoshuka upande wa Mbezi, Tegeta na Kunduchi vilikuwa vinaleta mchanga ufuoni, na malori yakauchota huko huko mitoni kwa ajili ya kujengea jiji. Ufuo ukaendelea kutoa bila kupokea.

Kwa hiyo swali langu kwenu linatangulia lile la ukuta: mchanga wenu unatoka wapi? Uchukueni kiganjani mwuangalie. Ukiwa wa kahawia, wenye chembe zinazometa, umeletwa na mto. Hapo ulizeni ni nani anachota mchanga mtoni, na mto wenyewe umezibwa wapi huko juu. Mto Pangani una bwawa la Nyumba ya Mungu tangu miaka ya 1960, kuna Hale, kuna Pangani Falls; kila bwawa linabaki na mchanga wake, na maji matamu yakipungua chumvi inapanda mtoni, kama wenye mashamba ya kandokando wanavyojua. Ukiwa mweupe, basi ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na kiwanda chake ni mwamba ulio mbele yenu. Mwamba huo ukipigwa baruti, au matumbawe yakichimbwa kuchomwa chokaa, mnapoteza mara mbili: kiwanda cha mchanga kimekwenda, na kizuizi kilichokuwa kinalivunja wimbi kabla halijafika kwenu kimekwenda.

Sikatai kuta zote. Ukuta wa mji wa Pangani, na ule wa barabara ya Obama kule Dar es Salaam, nyuma yake kuna mji. Huwezi kuuhamisha mji. Ila ujenzi wa namna hiyo hutanguliwa na tathmini ya athari kwa mazingira, na katika tathmini hiyo majirani wana haki ya kuulizwa. Nendeni halmashauri mkaulize kama mwenye hoteli alifanya tathmini, na jina la kijiji chenu limo au halimo. Ulizeni kwa adabu, na mwombe jibu kwa maandishi.

Mkifika huko mtaulizwa: ufuo umeliwa kiasi gani, tangu lini? Mkijibu "umeliwa sana" mtarudishwa nyumbani. Pimeni. Nitawaeleza namna isiyotaka mtaalamu wala mashine.

Tafuteni fimbo mbili zilizonyooka, urefu wake sawasawa, mita moja na nusu kila moja. Zipigeni alama za sentimita kuanzia juu kwenda chini. Zifungeni kwa kamba isiyovutika yenye urefu wa mita mbili. Chagueni pa kuanzia, mahali pasipohama: kona ya msingi wa msikiti inatosha. Subirini maji kupwa ya bamvua. Mtu wa kwanza asimame na fimbo pale kwenye alama, wa pili asogee kuelekea baharini mpaka kamba ikaze, fimbo zote zikiwa wima. Yule wa nyuma ashushe jicho kando ya fimbo yake mpaka ncha ya fimbo ya mbele ilingane na ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Pale jicho lilipo, asome namba kwenye fimbo yake. Akisoma 14, ufuo umeshuka sentimita 14 katika mita zile mbili. Andikeni. Kisha wa nyuma ahamie palipokuwa na fimbo ya mbele, wa mbele asogee tena, hivyo hivyo mpaka mguu ugusane na maji. Mkikuta mahali ufuo unapanda badala ya kushuka, mambo yanageuka: jicho likae kwenye ncha ya fimbo ya nyuma, namba isomwe kwenye fimbo ya mbele, na muiandike kwa alama ya kujumlisha.

Fanyeni hivyo kila mwezi, mahali pale pale, kwa mwaka mzima angalau, ili kusi na kaskazi zote zipite mbele ya fimbo zenu. Ufuo una msimu wa kukonda na msimu wa kunenepa, na watu wengi hukimbilia mawe katika msimu wa kukonda. Mwaka ukiisha mtajua kama mchanga ulikwenda kutembea ukarudi, au umehama moja kwa moja. Pigeni na picha kwa simu, mmesimama pale pale.

Mukiwa ufuoni tupieni macho upande wa Maziwe. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa wengi wakipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga ambalo bamvua kubwa hulifunika, na mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa Ushongo yasioze kwa maji. Wazee hapa mpaka leo wanabishana kisiwa kiliondokaje: miti kukatwa, bahari kupanda, au mkondo kugeuka? Wanabishana kwa sababu hakuna hata mmoja wao mwenye daftari.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilaya ya Mkinga. Kila Siku ya Mazingira tunawapeleka watoto kupanda mikoko ufuoni. Wageni wanakuja, picha zinapigwa, na baada ya miezi michache hakuna kitu. Mbegu ni mbovu?

JIBU: Mbegu ni nzima, mwalimu. Tarehe na mahali ndivyo vibovu.

Siku ya Mazingira ni tarehe 5 Juni, kusi imeshika. Mnamweka mtoto mchanga mbele ya mawimbi makubwa ya mwaka! Na nadhani mnapanda kwenye mchanga mtupu au juu ya majani ya bahari kwa kuwa hapo ni peupe na wageni hawatachafuka viatu. Mahali ambapo mikoko haikuota yenyewe miaka yote, pana sababu. Mara nyingi maji hukaa hapo muda mrefu mno. Na majani ya bahari mnayoyafukia ndiyo malisho ya tasi ambao wazazi wa watoto hao wanawavua.

Halafu mikoko ina makao yake. Mlilana husimama mbele kabisa, unatazamana na bahari. Mkoko wenyewe hupenda tope la kingo za mikono ya bahari. Msinzi na mkandaa hukaa nyuma, na msikundazi huko juu maji ya chumvi yanakofika kwa nadra. Watu hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu, imeshaanza kuota ikiwa mtini, na ni rahisi kuichomeka.

Ningekuwa wewe ningetafuta shamba la chumvi lililoachwa. Huko Mkinga hamkosi. Hapo mikoko ilikuwapo kabla ya matuta. Ongeeni na mwenye shamba na watu wa Wakala wa Huduma za Misitu, kwa maana ardhi ya mikoko ni hifadhi na haiguswi bila ruhusa, kisha pasueni tuta pale mkondo wa zamani ulipopita ili maji yaingie na kutoka. Subirini. Msitu ukiwa karibu, bamvua italeta mbegu bure, na ninyi mtapanda kwenye mapengo tu.

Watoto wapeni kazi ya kuhesabu. Wapime kiwanja cha mita kumi kwa kumi, wahesabu miche iliyo hai baada ya miezi mitatu, mwaka, miaka mitatu. Magazeti hutangaza miche iliyopandwa. Mimi nimechoka kuisoma, nataka iliyo hai. Wenzetu wa Gazi, Kenya, tangu 2013 wanauza hewa ukaa ya hekta 117 za msitu wao, yaani wanalipwa kwa hewa chafu ambayo miti yao inaifyonza na kuitunza, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Fedha hizo haziji kwa picha za wageni. Lazima miti ipimwe unene na urefu kwenye viwanja vilivyotengwa, na hesabu zionekane.

SWALI: Bibi, nimeuziwa kiwanja mita 40 kutoka baharini. Dalali anasema sheria ya mita 60 ni ya mahoteli tu. Kweli?

JIBU: Si kweli. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto, ziwa au bwawa, na hakikutaja mahoteli peke yake. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na kwa afisa mazingira kabla hujamalizia malipo. Hata ukipata kiwanja mita 60, usifurahi haraka: soma barua ya kwanza hapo juu. Nyumba haisogei, bahari inasogea.

SWALI: Sisi ni akina mama wa Kigombe, tunachokoa pweza. Kijiji kinataka kufunga mwamba miezi mitatu kama wanavyofanya wenzetu visiwani. Tumesikia kwingine siku ya kufungua walikuja wazamiaji wa mbali wakabeba wote. Tukubali?

JIBU: Kubalini, ila mkubali kwa masharti yenu, na yaandikwe kabla mwamba haujafungwa.

Kufunga kunafaa kwa pweza kwa sababu ya maisha yake. Anakua mbio mno, na jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai bila kula, yakianguliwa anakufa. Miezi mitatu inatosha kumtoa kwenye kidogo kisichofaa, maana chini ya gramu 500 kanuni za uvuvi haziruhusu, mpaka kwenye mnyama wa kilo na zaidi. Andavadoaka kule Madagascar walianza mwaka 2004, na huku kwetu Kisiwa Panza, Songosongo na Jibondo wamejaribu. Haifai kwa kila samaki. Changu hawezi kukua kwa miezi mitatu, na atakayewaambia hivyo anataka kura.

Hofu yenu ina msingi. Faida ya kufunga hupatikana au hupotea siku mbili za kwanza za kufungua. Mwenye miwani na mapezi anafika kina ambacho ninyi hamfiki, na pweza wakiingia sokoni wote kwa mpigo, mnunuzi anateremsha bei huku anacheka. Kwa hiyo ombeni mambo matatu. Siku ya kwanza iwe ya wanaotembea kwa miguu, wazamiaji waingie baadaye. Bei ikubaliwe na mnunuzi zaidi ya mmoja wiki moja kabla, mbele ya BMU, kile kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi, na mtendaji. Na mpaka wa mwamba uliofungwa, pamoja na adhabu, viingie kwenye sheria ndogo ya kijiji iliyopitishwa na halmashauri, kwa sababu makubaliano ya mdomo hayamfungi mtu wa kutoka kijiji kingine.

Na mizani iwe yenu. Kila pweza apimwe uzito na atambuliwe jike au dume, tangu mwezi mmoja kabla ya kufunga, ili mwe na cha kulinganisha. Mwanamke mmoja mwenye mwandiko mzuri ashike daftari, alipwe kitu kidogo, na nakala ziwe tatu: ya BMU, ya shule, ya halmashauri. Mpango wa hifadhi ya ukanda wa pwani ya Tanga, ulioanza 1994 kwa fedha za Ireland na utaalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, uliwafundisha wanavijiji kuhesabu samaki na kukagua matumbawe wenyewe. Ulipokwisha 2007, doria zilikuwa zimezoea mafuta ya mradi. Daftari halinywi mafuta, lakini mkiliacha kwa afisa peke yake litahama naye siku atakapohamishwa.

Mkishafungua, niandikieni uzito wa wastani wa siku ya kwanza na bei mliyopewa. Nitavichapa hapa hapa, mnunuzi avisome.