Jibu: Niache nyama nile samaki tu?

Dada, umeuliza kama ukiacha nyama ya ng'ombe ukabaki na samaki, presha itatulia na mazingira yatapumua. Kwa nyama uko sawa: ng'ombe akicheua hutoa methani, gesi inayozidisha joto duniani, na hula ardhi na maji kuliko kunde au mbaazi. Ila kwetu Lamu swali lenyewe ni samaki gani.

Wewe mwenye presha, anza kwa kumwacha ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, hasa papa. Papa mkavu hutiwa chumvi tele, na hata ukimroweka usiku kucha haitoki yote. Tena papa hula samaki wenziwe, hivyo zebaki, madini yenye sumu, humrundikia mwilini. Mjamzito asimguse kabisa. Na papa huzaa wachache, hukawia kukomaa, kwa hiyo tukimvua ovyo pengo halizibiki. Pono naye, yule mwenye mdomo kama wa kasuku, mwache mwambani akwangue mwani unaosonga matumbawe.

Mimi sokoni hutafuta samaki wadogo, simu au dagaa. Wabichi, si wa chumvi! Wana mafuta yanayofaa moyo na huzaliana upesi. Bei yake pia haiumizi.

Siku nyingine pika mbaazi. Mmea wake hurutubisha shamba kwa nitrojeni. Tui liwe jepesi lakini. (Najua, mbaazi bila tui si mbaazi, sikwambii uliache.) Mahamri punguza.

Na dawa za presha usizikatize mpaka daktari aseme, hata kipimo kikishuka.