Ratiba ya ujenzi: hesabu kwanza vitu vinavyosubiriwa

Jengo la ghorofa moja likichelewa miezi mitatu, lawama huwaangukia mafundi. Lakini fungua daftari la saiti, uhesabu siku ambazo kazi ilisimama. Mara nyingi mafundi walikuwepo tangu saa moja asubuhi. Kilichokosekana ni nondo za milimita 16, saini ya mhandisi, au uamuzi wa mwenye jengo kuhusu vigae. Meneja wa mradi anayetaka kumaliza kwa wakati atumie nguvu nyingi zaidi hapo.

Kwa kila kazi iliyoko kwenye ratiba, uliza: ili ianze siku hiyo asubuhi, nini kiwe kimeshafika? Majibu huwa ni yaleyale: mchoro uliopitishwa, vifaa, watu, ukaguzi, eneo lililo wazi na fedha. Andika jina la mtu mmoja mbele ya kila jibu pamoja na tarehe, kisha kila wiki angalia wiki sita zinazokuja. Kazi ambayo imebakiza wiki mbili kuanza na bado ina jibu moja tupu, hiyo ndiyo ya kushughulikia leo, hata kama saiti kila mtu anaonekana ana shughuli.

Madirisha ya aluminiamu ni mfano mzuri. Kwa desturi fundi huja kupima baada ya plasta kuisha, ndipo anaagiza na kuunda, na hapo wiki mbili au tatu zinakwenda. Wakati huo mvua inaingia ndani, skimu (tabaka laini la kusawazisha ukuta) na rangi haviwezi kukamilika, dari nayo inangoja. Dawa yake ni kukubaliana vipimo vya matundu mapema. Seremala atengeneze fremu ya mbao ya kipimo kamili, mwashi ajenge kwa kuifuata, na anayepiga plasta kwenye kingo aitumie hiyohiyo. Hivyo unaagiza madirisha ukuta ukiwa kwenye lenta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha. Vigae navyo vinunuliwe vyote mara moja, toleo moja la kiwandani, kwa sababu ukirudi dukani kuongeza boksi kumi unaweza kukuta rangi imetofautiana kidogo, ukalazimika kubandua chumba kizima.

Siku ya kumwaga zege la slabu, yaani sakafu ya ghorofa, inahitaji hesabu ya pekee, maana ukikwama katikati huwezi kusema tutaendelea kesho. Chukua slabu ya mita 10 kwa 12, unene wa sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 18. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu), kila mita ya ujazo hula karibu mifuko minane ya saruji ya kilo 50, kwa hiyo andaa mifuko 144 na ongeza michache ya akiba. Mashine inayochanganya mfuko mmoja kwa mzunguko itazunguka mara 144. Ukiipa dakika nne kila mzunguko, ni zaidi ya saa tisa na nusu za kazi bila kupumzika, bila mkanda kukatika wala dizeli kuisha. Ndiyo maana nasema mashine ziwe mbili, na vibreta viwili vya kushindilia zege, kimoja kikiwa cha akiba. Maji yahesabiwe pia: lita 25 kwa mfuko ni lita 3,600 za kuchanganyia tu, kabla ya kuosha mashine na kumwagilia. Tanki la lita 1,000 litawasimamisha kabla ya saa nne asubuhi.

Siku mbili kabla, mhandisi awe ameitwa kukagua nondo, na fundi umeme na fundi bomba wawe wamepitisha mabomba yao. Wakisahaulika, watakuja kutindua zege lililokomaa, na kutindua hula muda kuliko kumwaga.

Kinachosahaulika zaidi kwenye ratiba ni muda baada ya kumwaga. Zege linatakiwa kumwagiliwa angalau siku saba. Mirunda, yaani miti inayoshikilia slabu kwa chini, haiondolewi kwa sababu fundi ana hamu ya kuitumia kwingine. Wahandisi wengi huagiza ikae siku 14 chini ya slabu ya kawaida na 21 chini ya mihimili mirefu, na chini ya msitu huo wa mirunda hakuna mwashi atakayejenga kuta za vyumba kwa nafasi. Andika siku hizo kama kazi inayojitegemea. Vipande vya zege vya majaribio hupimwa nguvu siku ya 7 na ya 28. Matokeo ya siku ya 7 yanakuonya mapema, kwani kwa saruji ya kawaida yanapaswa kufikia karibu theluthi mbili ya nguvu inayotarajiwa.

Kalenda ya nchi nayo ina sauti. Pwani na kaskazini mwa Tanzania masika ni Machi hadi Mei, na vuli huanzia Oktoba hadi Desemba. Dodoma, Mbeya na Songea wana msimu mmoja mrefu unaoishia karibu na Aprili. Kuchimba msingi ndani ya miezi hiyo ni kukubali kuvuta maji mashimoni kila asubuhi, kwa hiyo panga msingi uishe kabla au jengo liwe limepauliwa. Mvua za kwanza zikianza, vibarua wengi hurudi kulima. Mwisho wa Desemba mafundi husafiri kwao, na mwezi wa Ramadhani saa za kazi nzito hubadilika. Kwa miradi ya fedha za umma kuna tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha. Manunuzi yanayopita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, yana hatua zake na kila hatua ina siku zake, kwa hiyo ombi la Mei kwa kazi ya Mei limeshachelewa.

Usikubali taarifa ya asilimia. "Tumefika asilimia 90" inaweza kudumu miezi miwili. Hesabu vitu: milango mingapi kati ya 24 imetundikwa, ina kufuli, na inafunga? Kila Ijumaa, wasimamizi wa mafundi waahidi kazi za wiki ijayo kwa vyumba na idadi. Ijumaa inayofuata hesabu ahadi ngapi zimetimia. Wakitimiza 14 kati ya 25, andika sababu ya kila moja kati ya zile 11. Baada ya wiki nne utaona sababu moja au mbili zinajirudia, na hizo ndizo za kupeleka kwa mwenye mradi. Maamuzi ya kundi la WhatsApp yaingizwe kwenye daftari siku hiyohiyo, na mchoro wa zamani utolewe saiti kabisa, usibaki ukutani karibu na mpya.

Fedha huchelewesha kimyakimya. Chini ya mkataba wa FIDIC wa 1999 (mkataba wa mfano wa ujenzi unaotumika kimataifa), mhandisi ana siku 28 za kutoa hati ya malipo na mwajiri ana siku 56 za kulipa, zote zikihesabiwa tangu maombi yapokelewe. Maana yake kazi ya Januari inaweza kulipwa mwishoni mwa Machi. Mkandarasi asiye na mtaji wa kubeba muda huo atapunguza watu taratibu. Tazama idadi ya vibarua kila asubuhi. Ikishuka siku tatu mfululizo, uliza habari za malipo kabla ya kuuliza habari za kazi.

Ukishachelewa, kuongeza mafundi husaidia kama kuna eneo la kuwatosha. Wapaka rangi kumi kwenye korido moja wanagongana. Gawa jengo: plasta ianze upande ambao mirunda imetoka wakati ujenzi wa matofali unaendelea upande mwingine. Kama kilichokuchelewesha kinakupa haki ya kuongezewa muda, mkataba huohuo wa FIDIC unamtaka mkandarasi atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu ajue tukio. Zikipita, haki ya dai hilo inapotea, kwa hiyo barua iandikwe wiki ileile, ikiwa na tarehe, picha na nakala ya ukurasa wa daftari la saiti.