Kabla hujaficha dola, soma riba

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu hapa Mombasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Serikali imesema hivi, sasa tufanyeje?" Jibu langu halibadiliki. Serikali haijasema kitu mpaka itaje bei. Waziri mbele ya kipaza sauti anafanya siasa. Benki Kuu ikiuza hatifungani, yaani karatasi za mkopo wa serikali, inafanya biashara, na mwenye shida ya pesa utamjua kwa riba anayokubali kulipa.

Tuanze na vita, maana ndicho kisingizio kinachouzika zaidi. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, pipa la Brent, mafuta ghafi yanayopimiwa bei duniani, lilipita dola 120, na sote tuliumia kweli. Lakini foleni za petroli za Aprili mwaka ule zilikuwa na mkono wa nyumbani pia: kampuni za mafuta zilikuwa zinaidai serikali pesa za ruzuku. Kufika katikati ya 2023 Brent ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 75. Petroli Nairobi je? Julai mosi ilitoka shilingi 182.04 hadi 195.53 kwa lita, kwa kuwa Sheria ya Fedha ilikuwa imepandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Na bado ungesikia mtu redioni akimtaja Putin. EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutoa bei mpya kila tarehe 14, pamoja na mchanganuo wake: gharama ya mafuta yakifika bandarini, faida ya wauzaji, kisha msururu wa kodi na tozo. Usiishie kwenye bei ya kituo chako. Shuka mpaka chini.

Kisingizio cha vita hakitumiwi na serikali tu. Wahouthi, waasi wa Yemen, walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, wakala mmoja wa mizigo aliwaongezea wanachama wetu nauli ya kontena kutoka Dubai, "kwa sababu ya Bahari ya Shamu." Nikamwomba anionyeshe njia kwenye ramani. Meli ikitoka Jebel Ali, bandari ya Dubai, hupita mlango wa Hormuz, ikashuka Bahari ya Uarabuni mpaka Kilindini hapa Mombasa. Bab el-Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu, inaisikia tu kwenye habari. Alikuwa na hoja moja nzuri, kwamba meli zinazozunguka Afrika Kusini hukaa safarini muda mrefu na kontena zinakuwa adimu kote. Haya, tukakubaliana sehemu. Iliyobaki akaifuta.

Lakini kuwa na shaka kuna mtego wake, na hapa ndipo nimeona watu werevu wakichomeka. Machi 2023 Rais Ruto aliwaonya wanaoficha dola kwamba soko litageuka baada ya wiki chache. Alikuwa anategemea mpango wa kununua mafuta kwa mkopo wa miezi sita kutoka kampuni za Aramco ya Saudia, na ADNOC na ENOC za Emirates, ili dola zisihitajike papo hapo. Dola ilikuwa karibu shilingi 130. Watu wakacheka, wakazidi kununua, na miezi ikawapa haki: Januari 2024 ilifika 160. Mkutano wetu wa mwezi ule ulikuwa moto. Hoja ilikuwa kwamba Eurobond ya dola bilioni 2, deni la serikali kwa wakopeshaji wa nje, inaiva Juni, serikali haina pa kuitoa, shilingi inakwenda 200, kwa hiyo akiba yote igeuzwe dola.

Mimi serikali siiamini kuliko wao. Nilichosema ni kwamba mdaiwa aliyebanwa hulipa riba yoyote kabla ya kukubali aibu, na tarehe ya deni tunaijua sote. Tungoje tuone anakopa kwa bei gani.

Februari ikajibu. Serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa zaidi ya asilimia 10 ili kununua lile deni la zamani lililokuwa la asilimia 6.875. Katika siku hizo hizo ikauza hatifungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu kwa asilimia 18.46, bila kodi. Iliomba shilingi bilioni 70, ikaletewa zaidi ya 288, ikachukua karibu 241. Wageni walileta dola zao kuifuata riba ile, na wiki chache baadaye dola ilikuwa imeporomoka hadi karibu 130. Aliyenunua kwa 160 alipoteza karibu shilingi 30 kwa kila dola, na kuwa na shaka na serikali hakukumsaidia lolote.

Riba ile si sadaka, lakini. Inalipwa na mwananchi. Juni mwaka huo huo Mswada wa Fedha uliwatoa vijana barabarani, tarehe 25 wakaingia bungeni, wengine wakapigwa risasi, na kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Kuna wanachama wetu ambao watoto wao walikuwa barabarani siku ile, na chama kinapokea riba ya hatifungani ile kila miezi sita. Sijapata namna ya kulisema hili likapendeza.

Dola tunaweka za oda za miezi mitatu tu, kwa wanaoagiza mzigo. Dola za kubahatisha, hapana. Na akija mtu kukuambia kwamba serikali haiwezi kushindwa kulipa deni la pesa yake yenyewe, mwulize habari za Ghana. Desemba 2022 iliwataka wenye hatifungani za cedi wazibadilishe na nyingine za riba ndogo na muda mrefu zaidi. Ndiyo maana ile ya miaka 8 na nusu ilipata theluthi ya akiba yetu, asilimia 18 ikiwa 18. Pesa zilizobaki ziko kwenye dhamana za serikali za muda mfupi, za siku 91 na 182, zikiiva kwa zamu, na pesa za karo za Januari haziendi popote.