Ajira ninazo tatu, kwenye makaratasi

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Serikali inasema ajira zimezalishwa, wapinzani wanasema vijana wamekaa kitako. Kwenu nyinyi ipi ndiyo kweli?" Nililisoma swali hilo kwenye simu ya mwanangu nikacheka, maana barza iliyo mbele ya mlango wangu, wanaume wanapokaa kunywa kahawa, inalijibu kila siku baada ya sala ya alasiri, na hawajalimaliza. Mie ni mkulima wa mwani, Wilaya ya Micheweni, Pemba, na ni katibu wa kikundi cha kinamama ishirini. Jibu langu fupi ni kwamba ajira ninazo tatu. Zote ziko kwenye makaratasi.

Ya kwanza niliipata siku tuliposajili kikundi. Fomu ilikuwa na kisanduku cha "walioajiriwa", na kijana aliyekuja nayo akaniambia niandike idadi ya wanachama. Nikaandika 20, na mie mwenyewe nimo. Ya pili ilikuja na mafunzo ya siku tatu ya kutengeneza sabuni ya mwani. Tulikaa kwenye madawati ya skuli, tukapewa soda na nauli, tukasaini, na mwisho ikasomwa ripoti kwamba kinamama ishirini wamepata ajira ya kujiajiri. Sabuni ilitoka nzuri, sikatai, lakini mafuta ya nazi yake yanagharimu kuliko bei tunayouzia. Ya tatu ni boti. Na mwani nilikuwa naulima kabla ya yote hayo. Nimeanza mwali, mama yangu akinifunga kanga kiunoni nisipelekwe na maji.

Sasa ndani ya barza kuna mzee mmoja wa CCM ambaye nambari zake hazimpotei. Huanza na ahadi ya chama chake ya mwaka 2020, ajira 300,000 ndani ya miaka mitano, kisha hutaja barabara, skuli za ghorofa, masoko, na Wizara nzima ya Uchumi wa Buluu iliyoundwa baada ya uchaguzi ule. Wote wale waliojenga, anasema, walikuwa wanakula nini? Mwenzake wa ACT Wazalendo, chama cha upinzani, humsubiri amalize, akamwambia: "Nionyeshe mmoja. Hapa shehiani kwetu. Mmoja tu, mwenye mkataba." Mzee hunyoosha kidole kwa kijana wa bodaboda. Wote hucheka, kahawa hujazwa, na mjadala huanza upya.

Mie simo barzani, bila shaka, nasikia nikiwa naanika. Siku moja nikapiga hesabu kwa kijiti mchangani. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta Wazanzibari 1,889,773, watoto wachanga na vikongwe wamo. Ukizigawa ajira 300,000, inakuja moja kwa kila watu sita na kidogo. Nyumbani kwetu tuko tisa. Basi sisi haki yetu ni ajira mpya moja na karibu ya nusu. Nikawa natafuta hiyo moja ni nani, na nusu ni nani. Nadhani nusu ndiyo mie.

Mpwa wangu aliwahi kufanya kazi ya udadisi katika utafiti wa nguvukazi, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na vishikwambi. Nilimuuliza mtu anahesabiwaje kuwa ana kazi. Akanambia kwa kipimo cha kimataifa, cha Shirika la Kazi Duniani, ukifanya kazi walau saa moja ndani ya siku saba, ukapata malipo au faida, wewe una kazi. Saa moja! Nikamwambia arudie. Akarudia. Anasema kipimo hicho kina sababu zake, nchi zote ziweze kulinganishwa, na wataalamu wenyewe wanajua hakitoshi. Nimemkubalia. Lakini tangu siku hiyo nikisikia wawili wanagombana redioni, mmoja anasema watu wana kazi na mwengine anasema hawana, najua kila mmoja ameshika kipimo chake na hasemi ni kipi.

Kiswahili chetu wenyewe kinalijua jambo hili. Sisi tuna kazi, tuna kibarua, tuna ajira, na hayajawahi kuwa kitu kimoja. Kazi Micheweni haikuwahi kukosekana. Nenda asubuhi uone wanawake wanavyogonga kokoto juani, rundo moja siku kadhaa, wakisubiri lori la mtu anayejenga. Wanaume wako dago, kambi za uvuvi za mbali, miezi hawaonekani. Wavulana wamehamia Tanga na Mombasa kukaa madukani, na wasichana wengine wako Oman majumbani mwa watu. Hakuna aliyekaa kitako. Ajira ni pale mtu anapojua mwezi ujao atapata kiasi gani. Hiyo ndiyo tunayoililia. Mpinzani anayesimama jukwaani kusema "watu wa Pemba hawana kazi" simpigii makofi, kwa sababu amenifuta mie na mgongo wangu.

Nije kwenye boti, maana nimeitaja.

Mwani wetu uko wa aina mbili. Spinosamu ni mvumilivu lakini bei yake ni ya chini. Kotoni ina bei nzuri, ila haitaki maji ya moto. Zamani tukiilima hapahapa pwani kwa miguu. Sasa bahari imepata joto, ikifika kaskazi, miezi ya joto, kotoni inageuka nyeupe, inalainika, inakatika kwenye kamba usiku mmoja. Wataalamu wakasema tuhamie maji ya kina, huko kuna ubaridi. Fikra ni sahihi kabisa. Na kwenye kina panahitaji chombo, kwa hiyo mradi mmoja ukatupa boti ya fiba na mashine yake, kwa mkopo usio na riba. Siku ya makabidhiano lilifungwa turubali, ikasomwa Qur-ani, wakaja wakubwa. Tulivishwa majaketi ya kuogelea ya rangi ya machungwa juu ya mabaibui tukapigwa picha tumesimama ndani ya boti, boti iko juu ya mchanga.

Hakuna aliyeuliza nani anajua kuogelea. Kati ya ishirini walikuwa wawili, na mmoja wao ana miaka sitini na ushei. Safari ya kwanza kumi hawakupanda. Ya pili tulimlipa nahodha, tukanunua petroli, tukarudi na mwani ambao ukishakauka hata petroli haukulipa, kwa sababu mwani mbichi wa gunia zima ukiukausha unabaki wa kukumbatia. Mwezi wa tatu tukakaa kikao, tukaamua boti tuwakodishe wavuvi. Wanakwenda nayo dago, wanatuletea kodi, sie tunalipa mkopo. Tusiidhulumu boti: inajilipia deni lake yenyewe, na imewapa nafuu wanaume sita. Isipokuwa hao sita walikuwa wavuvi tangu zamani, na ajira zilizoandikwa ni zetu sisi ishirini.

Sisi tumerudi kwenye spinosamu, kwa miguu. Na hapa ndipo ningependa Waheshimiwa wetu wa Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, wa chama chochote, wapige hesabu pamoja na mie. Mwani unafuata bamvua, siku ambazo maji hukupwa mbali. Maji yakiwa mafu, shamba halifikiki. Kwa hiyo mwezi mmoja nina siku tisa au kumi za baharini, muda wa saa nne kila siku, kufunga mbegu kwenye taitai, vile vikamba vidogo, kung'oa majani na kurudishia vigingi. Wiki sita mwani umekomaa. Mavuno yangu ya mwisho yalikuwa kilo tisini kavu, mnunuzi akanipa mia saba kwa kilo: shilingi 63,000 kwa mwezi mmoja na nusu. Ukiligawa, ni 42,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mtumishi wa Serikali kilichotangazwa Mei Mosi ya 2022 kilikuwa 347,000. Mie ni sehemu moja ya nane ya mtumishi huyo wa chini kabisa, na hata hiyo haitimii. Kwenye orodha lakini, yeye ni mmoja na mie ni mmoja.

Mwanangu wa pili yuko Unguja, hotelini, upande wa mashariki. Anasafisha bwawa la kuogelea na kutandika vitanda vya pwani. Utalii umekua, hilo halina ubishi. Mwaka 2024 waliingia Zanzibar wageni zaidi ya 700,000, na ukimuuliza mwanangu mwezi wa Agosti atakwambia hana muda wa kupokea simu. Masika ikianza anashuka bandari ya Mkoani, huku Pemba, na begi lake. Hoteli inafunga vyumba, mikataba ya miezi mitatu mitatu inaishia hapo, na mpaka Juni yuko nyumbani anakula mihogo yangu. Akihesabiwa Agosti ana ajira. Akihesabiwa Mei hana. Sijui yeye kwenye zile 300,000 amewekwa upande gani.

Barzani husema Wabara na Wakenya ndio wanaotuchukulia nafasi za hotelini. Hapa mie naachana na barza yangu. Mwanangu alipata kwa sababu alikaa chuo cha amali, yaani cha ufundi, Vitongoji, akajifunza kupika na Kiingereza cha kumjibu mgeni. Wenzake aliosoma nao skuli hawakwenda, na wengine walikatazwa na wazee kwamba hoteli ni pahala pa pombe na uchi. Nisijitoe: mie mwenyewe nilimzuia mwaka mzima. Mwaka huo nafasi yake ilikaliwa na mtu, na huyo mtu hakutuibia chochote.

Kuhusu viwanda sitasema mengi. Maeneo huru ya uchumi ya Fumba, kule Unguja, na Micheweni yametangazwa tangu miaka ya 1990, pamoja. Fumba leo ina viwanda na mji mpya. Huku kwetu kwa miaka mingi tuliloliona kwenye eneo lile ni mawe na mbuzi. Kiwanda cha mwani cha Chamanangwe ndicho tunachokitolea macho sasa.

Kitu ninachokijua kwamba kinafanya kazi ni karafuu. Mwaka 2011, wakati wa Rais wetu wa Zanzibar Dk. Shein, bei ya karafuu ilipandishwa mpaka ikafika shilingi 15,000 kwa kilo kwa zile za daraja la juu. Hapajatangazwa ajira hata moja siku ile. Hakuna aliyetugawia fomu. Lakini msimu ulipoingia, wachumaji walitafutwa kama dawa. Mwenye miti alilipa kwa pishi, anayeenda na ngazi analipwa, anayechambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, usiku kwa taa analipwa, mwenye jamvi la kuanikia analikodisha, mwenye gari hapati usingizi. Magendo ya kwenda Mombasa yakapungua, maana nani atahatarisha karafuu zake baharini usiku na bei nzuri iko hapa Pemba, Chake Chake? Mama yangu alinunua cherehani mwaka ule, ndiyo hii ninayoshonea mpaka leo. Najua, karafuu haizai vizuri kila mwaka, na mnunuzi wake hapa ni mmoja, Serikali kupitia Shirika la Biashara la Taifa, ambapo mwani wanunuzi ni kampuni na soko liko nje. Si jambo la kunakili tu. Lakini linaonyesha pesa inavyomfikia mtu kijijini: kupitia bei ya kitu anachokijua tayari.

Kwa hiyo nikiulizwa, sitaki boti ya pili. Nataka bei ya mwani itangazwe kabla ya bamvua, ibandikwe kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na mnunuzi akishusha aseme kwa nini. Nataka chanja za kuanikia zilizoinuliwa juu ya mchanga na zenye paa la kuziba mvua, kwa sababu tunayopoteza masika ni mwani uliokwishavunwa. Nataka mafunzo ya kuogelea kwa kinamama, na msicheke. Na Chamanangwe ikitoa ripoti, isitwambie imeajiri wangapi, itwambie imenunua kilo ngapi, kutoka shehia zipi, kwa shilingi ngapi. Hapo hata mzee wa CCM na mwenzake wa ACT watakuwa na kitu cha kugombania chenye uzito.

Wiki iliyopita fomu imekuja tena, kwa simu safari hii. Kijana mwengine, mwenye adabu, ananiita Bi Katibu. Akaniuliza ajira zilizozalishwa na kikundi hadi sasa ni ngapi. Nikamwambia: "Mwanangu, andika watu kumi na mmoja, maana tisa wameshaacha. Siku tisa kwa mwezi, saa nne kwa siku, elfu arubaini na mbili." Akanyamaza kidogo. Kisha akanambia pahala pale panaingia nambari moja tu.

Nikamwambia aandike anayoitaka, maji yameshakupwa na wenzangu wanapita.

Msomaji wenu,
Micheweni, Pemba