Hesabu Sura Kabla ya Kusikiliza Sifa

Nilipoanza kuandaa orodha ya programu za ubingwa nitakazoomba Marekani, nilianza na majina: hospitali maarufu juu, zisizojulikana chini. Orodha ya namna hiyo huandikika kwa dakika 20. Sikujiuliza kwamba hospitali inaweza kusifika kwa kutibu na bado ikawa haina muda wa kumfundisha daktari mchanga.

Kilichonizindua ni picha. Tovuti nyingi za programu huweka picha za marezidenti, yaani madaktari walio kwenye mafunzo ya ubingwa, zikiwa zimepangwa kwa mwaka. Usiku mmoja nilizihesabu za programu niliyokuwa nimeiweka juu kabisa. Mwaka wa kwanza 12, wa pili 11, wa tatu 8. Wanne wako wapi?

Usikimbilie kuhukumu. Pengine programu ilikuwa ndogo, ikaongezewa nafasi. Kwenye tiba ya ndani pia kuna wanaochukuliwa mwaka mmoja tu wa maandalizi, kisha wanakwenda kwenye fani kama radiolojia au dawa za usingizi. Hao kuondoka kwao ni kawaida. Wengine humfuata mwenza. Ndiyo maana unauliza. Mimi niliuliza kwenye usahili, kwa adabu zote, na mkurugenzi akacheka, akaanza kunieleza kuhusu ukumbi mpya wa mazoezi ya viungo. Nikaishusha programu ile hadi chini.

Kuna mambo ambayo huhitaji kumuuliza mtu. ACGME, shirika linalotoa ithibati, huonyesha hadharani hali ya kila programu, ikiwemo iliyopewa onyo au iliyowekwa kwenye uangalizi. Litazame hilo kabla hujalipa ada ya maombi. Kwa tiba ya ndani, ABIM, bodi inayowatahini mabingwa wa fani hiyo, huchapisha asilimia ya waliofaulu mtihani wa bodi kwa mara ya kwanza, programu kwa programu, kwa kipindi cha miaka mitatu. Isome kwa jicho la pili. Programu yenye watahiniwa wachache, akifeli mmoja tu asilimia inaporomoka. Na inayochukua wenye alama za juu peke yao itapata matokeo mazuri hata kama haifundishi chochote.

Wa upasuaji wana kipimo chao: anayehitimu upasuaji wa jumla anatakiwa awe amefanya angalau operesheni 850. Kufikisha idadi si tatizo kubwa. Uliza ni nani anayeshika kisu kwenye operesheni ngumu, rezidenti au daktari anayesomea ubobezi aliyesimama mbele yake.

Swali la saa za kazi, kwa maoni yangu, ni la kupoteza muda. Tangu 2003 kikomo ni saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, na kila utakayemuuliza atakwambia wanakifuata. Atasema nini kingine?

Swali langu lilikuwa hili, na nililiuliza kwenye mazungumzo ya jioni ya mtandaoni ambayo marezidenti huwa peke yao bila wakubwa: "Mara ya mwisho ulipokwama na mgonjwa saa nane usiku, ulimpigia nani, na alikujibuje?" Hapo hakuna jibu la kukariri. Mmoja alitaja jina papo hapo, akasimulia jinsi bingwa wake alivyoingia garini akaja mwenyewe, akamwelekeza kuweka mrija kifuani badala ya kumnyang'anya. Kwenye programu nyingine palikuwa kimya. Wakatazamana kwenye skrini, kisha mmoja akasema, "Huku tunajifunza kujitegemea mapema." Nilishukuru, nikaandika sentensi ile neno kwa neno.

Dodosa na afya ya kifedha ya hospitali yenyewe. Hahnemann ya Philadelphia ilifungwa 2019, na zaidi ya madaktari 550 waliokuwa mafunzoni wakabaki wanatafuta pa kumalizia. Kama hospitali imeuzwa karibuni, au habari za kufunga wodi zimeanza kuandikwa magazetini, uliza wana mpango gani na marezidenti.

Andika uliyoyasikia jioni ileile, kwa sababu kufikia usahili wa kumi programu zote zinafanana. Na kumbuka matokeo ya Match, mfumo unaolinganisha orodha za waombaji na za programu kisha kumpangia kila mmoja pa kwenda, yanakufunga: ukiiorodhesha programu na ukapangiwa huko, ndiko unakokwenda. Kwa hiyo ile ya "kujitegemea mapema" sikuiorodhesha hata nafasi ya mwisho, ingawa rafiki zangu waliniona nimerukwa na akili. Nikapangiwa kwa yule bingwa aliyeingia garini, kwenye hospitali ambayo mjomba wangu hadi leo, nikimtajia jina lake, huniomba nilirudie.