Kabla hujakubali kutobolewa ovari, mume apimwe

Dada mmoja wa Likoni ameniandikia wiki hii. Ndoa yake ina miaka minne, mimba haijashika, siku zake zinakuja zikitaka, na daktari amemwambia afanyiwe operesheni ya kutobolewa ovari, pale yanapokaa mayai ya uzazi. "Dada, wewe ulifanyiwa ukapata mtoto. Nami niende?" Nikamjibu kwa swali: mumeo ameshapimwa mbegu? Kimya. Jioni yake ndipo akaandika, "Yeye mzima, hana tatizo."

Nani kamwambia ni mzima?

Mimi nimeolewa Kibokoni, hapa Mombasa, nyumba ya ukoo, ngazi moja watu wote. Huko mwanamke akichelewa kuzaa hana siri. Nimenyweshwa kombe la zafarani nikalinywa, nimekandwa tumbo na bibi mmoja wa Majengo mpaka nikatoka machozi, nimelishwa habasoda na asali kila asubuhi. Dua sikatai, hata leo nasoma. Ila kuna neno limenikaa. Ilikuwa siku ya hina, nimepakata mtoto mchanga wa jamaa, wifi yangu akaja akamchukua mapajani mwangu, akasema mbele za watu, "Apakatwe na wenye uchungu wa mwana." Wanawake wakacheka, nami nikacheka. Leo wanangu na wanawe wanacheza baraza moja, na najua wifi anasoma hapa. Soma, wifi.

Hospitali ya kwanza niliyokwenda sitaitaja. Walinipiga skani, wakaniambia nina vifuko vingi kwenye ovari zote mbili, "tutavisafisha", wakanipa bei. Bei niliipata imeandikwa vizuri, maelezo sikuyapata. Nikabeba faili langu nikatafuta daktari mwingine, mama mmoja mtaratibu asiyependa haraka, na huyo ndiye aliyenikalisha chini. Akaniambia vile vifuko si uvimbe wala uchafu. Ni mayai machanga yaliyoanza kukua mengi kwa pamoja, homoni zikakorogeka, na hakuna hata moja linalopevuka likatoka. Yai lisipotoka hakuna mimba, hata mkae chumbani mwaka mzima. Hali yenyewe huitwa PCOS, na kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kiasi cha mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa anayo, wengi bila kujijua. Kwa hiyo hakuna cha kusafisha. Ukisikia neno hilo, shika mkoba wako.

Kisu chenyewe si kigeni. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika kuhusu wanawake wa hali yetu. Waliwapasua tumbo, wakawakata kipande cha kila ovari, na siku zao zikarudi, wengine wakabeba mimba. Ubaya wake, kovu la ndani liliweza kugandisha ovari na mirija ya uzazi, ukaponywa huku ukafungwa kule. Vidonge vya kupevusha mayai vilipokuja, kisu kikawekwa kando. Kisha mwaka 1984 daktari Gjönnæss wa Norway akaonyesha njia ya kupitisha kamera kwenye tundu dogo na kuchoma ovari nukta chache kwa umeme. Hiyo ndiyo niliyofanyiwa mimi.

Lakini haikuanza hiyo. Vidonge ndivyo vya kwanza. Siku hizi ni letrozoli, maana utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2014, wenye wanawake 750 wa PCOS, ulikuta waliopewa letrozoli asilimia 27.5 walizaa mtoto hai, na waliopewa klomifeni ya zamani ni asilimia 19.1. Na mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata asilimia 5 ya mwili wake kunaweza kumrudishia siku zake. Mimi nilimeza vidonge, nikapunguza wali na mahamri (mahamri yaliniuma), na ovari zangu hazikuitikia. Hapo tu ndipo daktari akataja upasuaji, na kabla ya kunipa tarehe akasema, "Nataka majibu ya mzee."

Mzee, yaani mume wangu, akagoma. Yeye si mgonjwa, kwao hakuna mgumba, mambo hayo ni ya wanawake. Niliongea kwa upole, nikaongea kwa ukali, mwisho aliyemweza ni mamake. Naam, mavyaa yangu, ambaye watu wangedhani ndiye adui. Alimwambia, "Mwana wa watu atachanjwa tumbo, nawe unaona haya kikopo?" Akaenda. Akakataa kutoa pale maabara, akatolea nyumbani, na sampuli inatakiwa ifike ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili, basi mtu mzima yumo kwenye tuktuk, foleni ya Mwembe Tayari haisogei, kikopo kimefichwa ndani ya shati. Majibu yalikuwa mazuri. Yangekuwa mabaya, mimi ningechomwa ovari bure. Madaktari wanasema upande wa mwanamume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke, katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto. Nusu! Na bado anayelazwa wa kwanza ni mwanamke.

Operesheni yenyewe sina mengi, nililala kwa nusukaputi. Tundu moja kitovuni, mengine madogo chini yake, tumbo likajazwa hewa, kila ovari ikatobolewa mara nne, na wakapitisha rangi ya buluu kuona kama mirija iko wazi. Yasiyosemwa ndiyo haya: bega litakuuma kuliko tumbo, ni ile hewa imebaki ndani, itaisha. Na usishtuke ukienda haja ndogo ukaona kijani. Mavyaa alinipikia uji wa pilipili manga, sikufua wala kubeba ndoo mpaka aliporidhika yeye.

Siku zangu zikarudi. Sikushika mimba papo hapo. Nilirudishwa kwenye vidonge vilevile vilivyonishinda mwanzo, na safari hii ovari zikaitikia. Nusu hivi ya wanaotobolewa hushika mimba, wengi ndani ya mwaka, nusu nyingine hawashiki. Anayekuuzia operesheni kama mtoto amehakikishwa, mkimbie. Na kila nukta inayochomwa inaondoka na mayai, nayo mayai hayazaliwi upya. Akichoma kupita kiasi anakukaribisha ukomo wa hedhi kabla ya wakati wake.

Wala usiige operesheni ya jirani. Binamu yangu alikuwa na uvimbe wa damu nzito kwenye ovari, ule waufananishao na chokoleti. Huo hauna uhusiano na vifuko vyangu, unatokana na endometriosisi, maradhi ya nyama kama ya utando wa mji wa mimba kuota nje yake, na kuukwangua kunaweza kupunguza mayai mazima yaliyo pembeni. Yeye alipimwa kwanza AMH, kipimo cha damu kinachokadiria akiba ya mayai iliyobaki. Anayetaka kukukata ovari bila kukadiria akiba yako, muulize ana haraka gani.

Dada zangu, tunauza mikufu ya mahari kulipia visu ambavyo hatujui vinakata nini. Tunaona haya kuuliza, tunaogopa kumuudhi mume, tunaogopa kumuudhi daktari, na mwili unaokatwa ni wetu. Uliza umepewa vidonge kwanza au la. Uliza mirija imeangaliwa au la. Mume apimwe. Akisema ana nguvu, mwambie nguvu za kitandani na mbegu ni vitu viwili. Mume apimwe!

Na siku ukiruhusiwa kwenda nyumbani, usitoke bila ripoti ya upasuaji na zile picha za ndani. Wanaweza kugoma kukupa, watakwambia rudi wiki ijayo. Kaa hapo hapo benchini mpaka wazitoe, utaziweka na kadi zako, maana daktari wa pili ataziomba kabla hajakugusa.