Je, ni dhambi kuonyesha mtandaoni maisha nisiyoyaishi?

SWALI

Assalaamu alaykum Sheikh wangu. Mimi ni msichana, naswali na najitahidi kujisitiri. Kwa muda mrefu mimi na wenzangu tumekuwa tukiazimana nguo, mikoba na simu, tunapiga picha mahali pasipo petu, kisha kila mmoja anaposti kana kwamba ndiyo maisha yake. Chini ya picha tunaandika Alhamdulillah. Wanaotufuata wamekuwa wengi. Hivi karibuni mwanafunzi mmoja, bado mdogo, ameniandikia kwamba amewachukia wazazi wake kwa kushindwa kumpa maisha kama yangu. Tangu hapo sina raha. Nilipowaambia wenzangu kuwa nataka kuacha, walisema hakuna kosa, kwani Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuzisimulie neema zake, na kila mtu anajua kuwa ya mtandaoni ni maigizo. Nikiacha watanitenga, na sina marafiki wengine. Nifanye nini?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Hukumu yake haina mzunguko: hilo mnalolifanya ni uongo, na haifai kuendelea nalo. Ila sikukusudia kuishia hapo, kwa sababu hoja waliyokupa wenzako nimekuwa nikiisikia kwa vijana wengi, na inaniumiza kuona aya ya Qur'ani inafanywa pazia la uongo.

Aya wanayoitaja ni ya mwisho katika Suratudh-Dhuha: "Na neema za Mola wako Mlezi zisimulie." Waambie waanzie juu. Mwenyezi Mungu anamkumbusha Mtume wake (s.a.w.) kwamba alikuwa yatima akampa makazi, na alikuwa fukara akamtosheleza. Kisha anamwambia asimwonee yatima, wala asimkaripie mwombaji. Baada ya hapo ndipo inakuja amri ya kusimulia neema. Sasa niulize: katika picha zenu, yatima yuko wapi? Mwombaji amepata nini? Mmeruka amri mbili mkaikamata ya tatu, na hiyo ya tatu nayo hamkuitekeleza, kwa sababu neema inayosimuliwa ni ile uliyopewa. Mkoba wa kuazima si neema yako. Aliyeuazima akiandika Alhamdulillah chini yake, amelitaja jina la Mwenyezi Mungu ili uongo wake uaminike, na hilo kwangu ni zito kuliko picha yenyewe.

Tena hata neema ya kweli haisimuliwi kila mahali na kwa kila mtu. Nabii Yaaqub (a.s.) alimkataza mwanawe Yusuf asiwasimulie ndugu zake ndoto yake, akichelea vitimbi vyao. Ndoto ile ilikuwa neema, na ya kweli, na wasikilizaji walikuwa ndugu wa baba mmoja.

Ama kauli kwamba kila mtu anajua ni maigizo, mwanafunzi yule ameshaijibu. Hakujua. Na nyinyi wenyewe mnaposti kwa kutarajia mtaaminiwa. Mngekuwa na yakini kuwa hakuna atakayeamini, msingehangaika kuazimana. Asma binti Abu Bakr (r.a.) amesimulia kwamba mwanamke mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.): nina mke mwenzangu, je, nina dhambi nikijionyesha kuwa mume wangu amenipa asichonipa? Akamjibu: "Mwenye kujionyesha kuwa amepewa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo." Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Tazama jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo. Wanawake wawili, mume mmoja, hakuna mali iliyoibiwa wala aliyetapeliwa, na bado jibu likawa kali namna hiyo. Basi itakuwaje anapodanganywa mtu usiyemjua hata jina, akaenda kuwanunia wazazi wake kwa ajili ya kitu ambacho wewe mwenyewe huna?

Najua, binti yangu, kwamba hukuanza kwa kutaka kumdhuru mtu. Ulitaka kuwa mmoja wao. Kijana anayeona wenzake wanasifiwa kila siku, naye hakuna anayemtazama, anaumia kweli, na sitakudharau kwa hilo. Kutengwa nako si jambo dogo. Ndiyo maana nataka usome kisa cha Kaab bin Malik (r.a.), sahaba wa Mtume (s.a.w.).

Katika mwaka wa 9 Hijria Waislamu walitoka na Mtume (s.a.w.) kwenda vitani Tabuk, naye akabaki nyuma bila udhuru. Mtume (s.a.w.) aliporudi, watu zaidi ya themanini walimwendea wakatoa nyudhuru za uongo, akawakubalia dhahiri yao na siri zao akamwachia Mwenyezi Mungu. Kaab alikuwa fundi wa kusema, na alijua angeweza kujiokoa kwa maneno, ila akasema kweli: sikuwa na udhuru wowote. Watu wa kabila lake wakamfuata wakimlaumu, kwa nini hukutoa udhuru kama wenzako? Wakamshikilia mpaka akakaribia kurudi ajikadhibishe. Hapo nataka utulie. Sahaba alikaribia kuurudia uongo kwa sababu ya maneno ya jamaa zake! Kilichomshika ni kuuliza kama yuko mwingine aliyesema kama yeye, akatajiwa wawili, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, watu wema. Kisha Waislamu wakakatazwa kusema nao. Siku hamsini. Alikuwa akitoa salamu haitikiwi. Mfalme wa Ghassan, ufalme wa Waarabu wasio Waislamu, akamwandikia barua kumwita kwake atukuzwe, akaitia barua hiyo tanuruni. Mwishowe ikateremka toba yao katika Suratut-Tawba, na Kaab akasema kwamba Mwenyezi Mungu amemwokoa kwa ukweli.

Basi nawe tafuta Murara wako na Hilal wako. Hata mmoja anatosha. Msikitini, darasani, katika jamaa zako, yuko msichana asiyeposti chochote na ambaye hukuwahi kumzingatia kwa sababu hana wafuasi. Anza naye kwa salamu. Na wenzako wa sasa usiwatukane wala usiwafichue. Waambie tu kwamba wewe umeacha, na uwaombee dua.

Wapo watakaokwambia uvunje simu na ukimbie mitandao yote. Mimi sikulazimishi. Ukiona nafsi yako haiwezi kuingia humo bila kurudi kulekule, kaa mbali. Ukiweza kuitumia kwa kheri, itumie.

Kuhusu toba yako, zifute picha hizo. Je, ujitangaze? Dhambi ya siri haitangazwi, na Mtume (s.a.w.) amewaonya wanaofichua usiku wao baada ya Mwenyezi Mungu kuwasitiri. Lakini uongo huu haukuwa siri, uliuweka hadharani, na Mwenyezi Mungu amewasifu wanaotubu "wakatengeneza na wakabainisha". Kwa hiyo andika maneno machache: vitu vile havikuwa vyangu, naomba radhi kwa niliyemdanganya. Usitaje majina ya wengine, wala usijirekodi video ya kulia, isije toba nayo ikawa picha nyingine ya kutafuta watazamaji. Na kama yuko aliyekununulia kitu, au aliyekuposa, kwa kuamini hali ile, huyo mweleze yeye mwenyewe waziwazi.

Lakini kabla ya yote hayo mwandikie mwanafunzi yule, leo hii. Mwambie nguo ile ilikuwa ya nani na nyumba ile ilikuwa ya nani. Mwambie wazazi wako nao wanakupa nini, na kwamba hukuthubutu kuwapiga picha. Umwombe aende akawatake radhi wazazi wake, na akikujibu kwa hasira, mvumilie.

Wallahu a'lam.